Degedege, kichomi, UTI: mbona faili langu lina majina mengine?

Nimetoka kliniki ya presha. Kwenye karatasi ya rufaa sioni neno presha, naona I10 tu. Ni ugonjwa gani huo?

Ni presha yako hiyo hiyo. I10 ni alama ya shinikizo la juu la damu lisilosababishwa na ugonjwa mwingine unaojulikana, kama wa figo. Jirani yako mwenye kisukari aina ya 2 ataandikiwa E11. Alama hizi zinatoka kwenye Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Palipohamia toleo jipya la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, presha hiyo inaandikwa BA00 na kisukari 5A11. Ukiona alama imebadilika baada ya kuhama hospitali, usishtuke, huenda ni toleo tu lililobadilika. Muulize aliyeandika.

Nani aliyeanzisha mambo haya?

Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kupitishwa mwaka 1893. Kila mji ulikuwa na namna yake ya kutaja kilichomuua mtu, kwa hiyo vifo vya huku havikuweza kulinganishwa na vya kule. Shirika la Afya Duniani lilichukua kazi hiyo mwaka 1948.

Lakini "degedege" kila mtu analijua. Kwa nini lisiandikwe faili zima?

Kwa sababu linataja kile mama alichokiona, halisemi kilichokileta. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu, mikono inarukaruka. Hilo ni degedege. Sasa twende nyuma ya pazia. Huenda ni joto kali la homa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na hilo ni R56.0. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, B50.0, ambayo huua haraka. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, au ni kifafa, G40. Jina moja nyumbani, magonjwa manne hospitalini, na tiba za manne hayo hazifanani hata kidogo.

Sibezi neno lenyewe. Ni neno zuri, na mama anayefika mapokezi akisema "mwanangu kashikwa na degedege" anastahili kupitishwa mbele ya foleni. Tatizo linaanza pale jina linapobeba tiba yake: wapo wanaoamini degedege ni la mashetani, mtoto akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo huku saa zinakwenda. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia limechukua dakika ngapi, kisha mkimbize hospitali. Zile dakika ndizo daktari atakazokuuliza kwanza.

Nina UTI. Ndiyo ule uti wa mgongo?

Hapana, na swali hili si la kuchekwa, maana herufi ni zile zile. UTI tunayoitamka "yutiai" ni maambukizi ya njia ya mkojo: unaenda haja ndogo mara kwa mara, inachoma, tumbo la chini linauma. Uti wa mgongo ni ule mfupa wa mgongoni, na "homa ya uti wa mgongo" ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa fahamu: kichwa kinapasuka, shingo inakaza, mwanga unaumiza macho. Ya kwanza mara nyingi utaandikiwa dawa na kurudi nyumbani. Ya pili ni dharura. Anayempigia ndugu simu aseme "ya mkojo" au "ya kichwa", yaishe.

Kichomi nacho kina utata wake. Kwa wengine ni nimonia, kwa wengine ni maumivu yoyote ya kuchoma ubavuni. Ukisema kichomi, ongeza kama unakohoa, kama una homa, na kama kuvuta pumzi kunazidisha maumivu.

VVU na UKIMWI si kitu kimoja?

Si kimoja. VVU ni virusi, UKIMWI ni hali ya mwili pale kinga imeshaporomoka. Mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi akitumia dawa na asifikie UKIMWI. Hata alama zinatofautiana: mwenye virusi asiye na dalili ni Z21, aliyekwisha kuugua kutokana navyo yumo B20 hadi B24. Kagera, miaka ya 1980 mwanzoni, ugonjwa huu uliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Jina la namna hiyo lilinong'onwa vizuri sana vilabuni, lakini halikumwambia mtu ugonjwa unaambukizwaje.

Kwa hiyo jina sanifu ndilo la kweli?

Ni la makubaliano tu. "Malaria" yenyewe kwa Kiitalia ni hewa mbaya, ilhali tangu 1897, Ronald Ross alipoona vimelea ndani ya mbu, tunajua hewa haina kosa. Jina limebaki kwa kuwa kila mmoja anajua linataja nini. Ndiyo maana kusema "nina malaria" kwa kila homa kunaharibu: homa ni dalili, malaria ni kimelea, na kati yao kuna kipimo cha tone la damu kidoleni.

Nimepewa dawa mseto ya malaria. Muuguzi kasema dozi ya pili "baada ya saa nane". Nilimeza ya kwanza saa sita mchana, nikameza ya pili saa nane. Nimekosea?

Ndiyo, na kosa si lako peke yako. Muuguzi alihesabu saa zipite nane, wewe ukasikia saa nane ya mchana, na Kiswahili kinawaruhusu wote wawili. Usimeze nyingine kwa sasa, rudi au piga simu walipokupa, uwaeleze ulichomeza na saa ngapi. Kawaida vidonge 4 vya mtu mzima vinafuatwa na vingine 4 saa zikishapita 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula. Aliyeanza saa sita mchana alitakiwa kumeza tena saa mbili usiku. Safari nyingine mwombe aandike kwenye bahasha: "saa 2 usiku".