Hudi ya pamba kwenye kayaki, nimechoka kubishana

Wiki hii peke yake watu watatu wamenijia ufukweni hapa Kigoma alfajiri na hudi ya pamba na jinzi, wanataka kupanda kayaki, kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kafi, na wote jibu lao ni lilelile: "Kaka, hii nzito, baridi haipiti." Hili ndo linanichosha kuliko yote, afadhali hata yule anayeniuliza kama ziwani kuna papa.

Nzito kweli, ikiwa kavu. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa katikati ya zile nyuzi, na kwenye kayaki umekaa karibu usawa wa maji, kafi linachuruzika kila ukipiga, dakika kumi nyingi mikono ishalowa mpaka kiwiko na mapajani kuna dimbwi. Pamba inakunywa maji, hewa inatoka, sasa umevaa maji. Halafu unakuja huu upepo wa kusini mashariki wa kuanzia Mei mpaka Septemba, nguo inaanza kukaukia mwilini, na joto la kuikausha linatoka wapi kama sio kwako? Mtungi wa bibi unapoza maji hivohivo, unatoa jasho kwa nje, linakauka, ya ndani yanapoa. We na hudi yako ndo mtungi.

Kuna Julai moja tulikuwa tunaelekea Gombe, kama kilomita 16 hivi toka mjini, kaka mmoja mtu wa mazoezi kabisa, kifua hiki hapa, akapinduka njiani. Maji yalikuwa vuguvugu, nyuzi 25 au 26 za ziwa letu, akawa anacheka hukohuko majini. Kazi ikawa kumpandisha, mikono ya hudi imejaa maji kama ndoo. Baada ya nusu saa ya upepo meno yanagongana, kafi analishika kama mtoto anavoshika kijiko, tukasogea ufukweni nikamvua ile hudi nikampa jezi yangu ya Yanga na jaketi la upepo, na yeye Simba damu, akavaa bila neno.

Wabishi wanasema mbona wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na makoti na majinzi. Jamani, wale wako kwenye chombo chenye kuta, wanakaa juu ya maji, koti linabaki kavu, na wakilowa wanatetemeka kama wewe tu, nenda Katonga kawaulize.

Wala sio mambo ya hela. Nenda mitumba pale Mwanga, geuza nguo usome lebo, tafuta polista au sufu. Jezi ya mpira ya mikono mirefu, juu yake sweta jembamba la sufu maana sufu hata ikilowa inabakiza joto, juu kabisa jaketi la upepo, basi. Na nguo kavu seti nzima kwenye mfuko usiopitisha maji, hili nalisema mpaka wateja wananicheka ila siondoki ufukweni kabla sijauona huo mfuko.

Mengine haraka haraka. Eti wetisuti, ile suti ya mpira ya kubana mwili, haiingizi maji: inaingiza, kidogo, mwili unayapasha, na neoprini, yaani huo mpira wake, ina vipovu vya gesi vinavyozuia joto lisitoke, ndo maana ikikupwaya maji yanaingia na kutoka na umevaa bure. Kwa hapa kwetu ya unene wa milimita 2 au 3 isiyo na mikono inatosha sana, ukivaa ya 5 mchana utaiva. Eti ziwa ni refu chini kuna barafu: lina kina cha mita 1,470 lakini huko chini kabisa ni nyuzi 23 na kitu, tofauti na juu ni ndogo tu. Eti gongo inapasha: inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unahisi joto kumbe ndo unalimwaga.

Sasa nyie mnaoenda masomoni Norwei au Scotland, mnanitumia meseji eti "nimezoea Tanganyika, na huko ni kiangazi jua linawaka". Hapana. Kule unavaa kwa kuangalia maji, sio jua. Mei pale Scotland hewa inaweza kuwa nyuzi 18 na bahari 9 au 10, na ukitumbukia kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kichwa kikiwa chini wakati huo umevuta maji. Dakika chache mbele vidole havifungi hata kamba, kwa hiyo laifu jaketi unalivaa kabla hujatoka hata kama unaogelea kama mamba. Huko ni draisuti, na draisuti yenyewe haina joto, ni kama gunia tu lisilopitisha maji, joto ni zile nguo za ndani, sufu na polista nilizosema, na nakuomba ile hudi usije ukaivaa ndani yake, jasho lako lenyewe litailowesha.