Sikilizeni kimya cha Sholay

Juzi tena. Kijana kaniletea filamu yake niikate, tumekaa mbele ya kompyuta hapa Sinza tangu saa tatu asubuhi, na kila nikiacha shoti ipumue, anaruka: "Braza, hapo pamepoa. Weka muziki, weka ngumi. Wazee wenyewe Sholay waliipendea ngumi na nyimbo." Maneno haya kuhusu Sholay, ile filamu ya Kihindi ya majambazi, nimeyasikia kwa maprodyuza, kwa watangazaji, hata kwa watu wa rika langu walioitazama na wanaopaswa kukumbuka. Leo nayajibu kwa maandishi.

Ngumi zipo. Nyimbo alizotunga R. D. Burman zipo, na ni tamu. Lakini filamu za Kihindi zenye ngumi na nyimbo zilizopita kwenye sinema za Empire, Avalon na drive-in ya Msasani miaka ile hazina idadi, na nyingi hakuna anayezikumbuka hata jina. Ukiniambia Sholay imedumu tangu Agosti 1975 kwa kitu ambacho wenzake wote walikuwa nacho, hujaniambia kitu.

Mimi ni mhariri, naanzia mezani kwangu. Kwenye tuzo za Filmfare za India filamu hii iliambulia moja tu, nayo ni ya uhariri, aliyopewa M. S. Shinde. Itazame ukijua hilo.

Chukua sini ya Gabbar, jambazi mkuu wa filamu, anapoingia. Uso hatuuoni. Tunaona buti juu ya mwamba, mkanda wa risasi unaburutwa, chuma kinakwaruza jiwe. Anatembea, anarudi. Watu wake watatu waliotimuliwa kijijini wamesimama mbele yake. Anawauliza: waliowatimua walikuwa watu wangapi? Wawili, wanajibu. Mhariri wa haraka hapo angeshamaliza kazi. Gabbar anachukua bastola, anauliza ina risasi ngapi. Sita. Risasi sita kwa watu watatu, hiyo si haki, kwa hiyo anafyatua tatu hewani, anazungusha silinda, anamwekea wa kwanza kichwani. Tak. Tupu. Wa pili, tupu. Wa tatu, tupu. Anaanza kucheka, na wao wanacheka, kundi zima pale mlimani linacheka, na wewe kwenye kiti unacheka kwa kuwa umechoka kubana pumzi. Ndipo anawapiga risasi wote watatu.

Watu husema Gabbar anatisha kwa kile kicheko. Nimekata filamu kadhaa ambazo jambazi anacheka vilevile kabisa, na hamtishi hata mtoto. Amjad Khan, aliyemwigiza Gabbar, anatisha kwa sababu umesubirishwa, na kwa sababu amekufanya ucheke naye sekunde chache kabla ya kuua. Ukikata ule muda wa kusubiri, unabaki na mtu mwenye ndevu anayepiga kelele.

Mama yangu Kihindi cha kuombea maji hana. Sholay aliiona hapahapa Dar akiwa msichana. Nikimuuliza anakumbuka nini, hanitajii yule msichana Basanti akicheza juu ya vipande vya chupa. Anaiga bembea kwa mdomo: kwiii, kwiii. Ni bembea ya nyumbani kwa Thakur, polisi aliyewahi kumkamata Gabbar, siku Gabbar alipoimaliza familia. Risasi inalia, mtu anagandishwa kwenye picha kabla hajafika chini, kisha kimya, na ile bembea. Anabaki mtoto. Bunduki inamwelekea, na papo hapo picha inakatika: treni, Thakur anarudi nyumbani. Kifo cha mtoto hatukuonyeshwa, na mama hadi leo anakisimulia kama aliyekiona.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa imamu wa kijiji, anayeuawa na Gabbar. Sini ile ilipigwa kwa siku 19, na kwenye nakala tuliyozoea tunachoona ni sisimizi mkononi kwa Gabbar, anamponda. Baada ya hapo farasi anaingia kijijini na maiti yake. Imamu ni kipofu. Anauliza mbona kimya hivi, na hakuna anayeweza kumjibu. Kijana wangu angeweka vinanda pale.

Ustadi wa Salim-Javed, walioandika, na wa Ramesh Sippy, aliyeongoza, uko katika kuficha. Thakur anavaa shali tangu mwanzo na hujiulizi. Inafika siku Jai na Veeru, wezi wawili aliowakodi wamkamate Gabbar, wamebanwa, bunduki iko miguuni pake, haiokoti, unamwona mwoga. Ndipo hadithi inarudi nyuma, na mwisho wake upepo unaiangusha shali na mikono ya kanzu inaning'inia mitupu. Sarafu ya Jai nayo hivyohivyo: filamu nzima wanairusha kuamua mambo, na mpaka amekufa ndipo Veeru anagundua pande zote mbili ni sawa. Kibanda umiza chochote hapa mjini kina sheria moja, stelingi hafi. Hapa Jai, yaani Amitabh Bachchan, anakufa, na ile sarafu inakwambia alijichagulia mwenyewe kubaki nyuma kuwazuia majambazi. Ngumi gani inafanya hivyo?

Sasa yanayonisumbua. Vitabu vinasema kila sini isukume hadithi mbele. Sholay ina zaidi ya saa tatu, na vichekesho vya jela havisukumi chochote. Niliwahi kuviondoa kwenye taimlaini nikawaonyesha wanafunzi wangu. Filamu ikawa nyepesi, safi, na Jai alipokufa hakuna aliyetikisika. Nadhani ni kwamba rafiki lazima upoteze naye muda kwanza, lakini hiyo ni dhana yangu, sina kanuni ya kuifundisha.

Na mwisho wake. Wakaguzi wa India walilazimisha polisi waingie kumwokoa Gabbar. Mwisho wa asili, Thakur anamuua kwa miguu. Nakala iliyorudisha mwisho huo ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Kwa hoja zangu zote ningepaswa kuupendelea huo. Lakini wa polisi ndio niliokua nao, Thakur akizuiwa kumaliza alichokisubiri, na kuna siku naona kule kunyimwa kunaendana zaidi na filamu nzima. Siku nyingine naona najidanganya.

Sini ya kijana ni mama amekaa kitandani anasubiri mlango ugongwe. Sekunde 11. Muziki nimeutoa, nimebakiza feni ya chumbani peke yake, ile yenye mlio wa kusugua. Kesho saa nne anakuja kuitazama.