Je, wajua mkutubi wa chuo naye ni mtafiti? Sasa mbona hatumuoni hivyo?

Ukiingia maktaba ya chuo hapa Dodoma, iwe UDOM au St John's, unaacha begi mlangoni, unaonyesha kitambulisho, kaunta kuna mtu anakwambia "dada punguza sauti", basi kichwani mwako mkutubi ndo huyo, mlinzi wa vitabu. Kumbe wengi wa kaunta ni wasaidizi tu, mkutubi mwenyewe yuko ndani na kazi usizoziona.

Vyuo vya umma hapa bongo vina ngazi za wakutubi zinazoenda sambamba na za wahadhiri, mkutubi msaidizi, mkutubi, mkutubi mwandamizi, mpaka uprofesa kabisa, na kupanda lazima utoe pepa, yaani makala za utafiti, kama wahadhiri wenzako.

Sasa wanatafiti nini? Chukua mwanafunzi wa masta anayeandika kuhusu trakoma kule Kongwa, ule ugonjwa wa macho, na Kongwa imechunguzwa miaka mingi kweli. Anatupia sentensi nzima Google, yanamwagika mambo hata pa kuanzia hajui. Mkutubi anamuuliza, watoto au watu wazima? Dawa au kunawa uso? Kuanzia mwaka gani? Halafu anafunga maneno kwenye alama za nukuu, anaongeza jina la wilaya, anaandika kila hatua ili mwingine akirudia apate yaleyale. Hiyo kurudia-rudia ndo sayansi yenyewe jamani.

Na si mambo ya juzi. Mwaka 1934 mkutubi Mwingereza, Samuel Bradford, alionyesha kwamba majarida machache tu ndo yanabeba pepa nyingi za mada moja, zilizobaki zimetawanyika huko na huko, wazo linalosaidia maktaba mpaka leo kuamua ilipie jarida lipi. Jeffrey Beall wa Marekani, aliyewaumbua wachapishaji wa majarida ya kitapeli, yanayochapisha chochote ukilipa, wale wanaokutumia imeili "dear professor" wakati hata masta hujamaliza, naye alikuwa mkutubi.

Shida mi naona ni muda, mhadhiri semista ikifungwa anapumua kidogo na kuandika, maktaba haifungwi. Halafu jasho la mkutubi linamezwa na kazi ya mwingine. Fungua diserteshen yoyote, utamkuta kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Mungu, msimamizi, mke na watoto, "na wahudumu wote wa maktaba".