Fratenati za Marekani: nani hasa analipia masomo?

Mzazi ambaye mtoto wake amepata chuo Marekani huwa keshasikia moja kati ya mawili. Kwamba fratenati, vile vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ni kundi la walevi waliopanga nyumba moja. Au kwamba ni njia ya panya ya kufikia pesa na vyeo, ukishaingia umemaliza. Yote mawili yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Nayo yamezaa madai mengine; tuyapime moja moja.

"Ukijiunga, chama kinakulipia ada."

Hakikulipii. Wewe ndiye unayekilipa: kiingilio, michango ya kila muhula, bima, na kodi ya chumba kama unakaa kwenye nyumba ya chama. Skolashipu zipo kweli, ila hazitoki kwenye mfuko huo. Sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 501(c)(7), inakihesabu chama chenyewe kuwa klabu ya kijamii tu, na anayekichangia hapunguziwi kodi hata senti. Kwa sababu hiyo vyama vikubwa vimeunda wakfu wa elimu pembeni, chini ya kifungu cha 501(c)(3). Anayechangia huko hupata nafuu ya kodi, kwa sharti kwamba pesa ziende kwenye elimu. Wakfu huo ndio unaotangaza skolashipu, kupokea maombi na kuyachuja. Mwanachama wa zamani aliyetajirika akitaka kuacha kitu kwenye wosia, anakiacha huko.

Basi utakuta tawi la chama chuoni linaishi chini ya paa linalovuja, huku wakfu wa chama hichohicho una akiba nzuri benki. Si ubahili. Wakfu unaweza kugharamia chumba cha kusomea na kompyuta zake. Ukumbi wa karamu, hapana.

Na kiasi chenyewe kisikupe kizunguzungu. Skolashipu nyingi ni za mamia ya dola au elfu chache, wakati gharama za mwaka mmoja kwenye baadhi ya vyuo binafsi zimeshapita dola 60,000. Tena kuna mtego ambao wengi hawauoni mpaka wanase: chuo kikijua umepata pesa za nje, kinaweza kupunguza msaada wake chenyewe, ukabaki palepale ulipokuwa. Uliza ofisi ya misaada ya masomo mapema, na uliza kwa maandishi. Kwa mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kuna la ziada. Msaada wa serikali kuu unaoombwa kwa fomu ya FAFSA haumhusu (mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, unamhusu), kwa hiyo pesa za watu binafsi kama hizi zina uzito zaidi kwake. Sehemu ya skolashipu inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi. Inayolipia chakula na malazi inatozwa, na mgeni ambaye bado hajahesabiwa kuwa mkazi wa kikodi kwa kawaida hukatwa asilimia 14 kabla hajazipokea.

"Asiye mwanachama hapati kitu."

Hapa ndipo watu wetu wanapopitwa na mengi. Matawi ya Sigma Phi Epsilon hutoa skolashipu iitwayo Balanced Man kwa vijana wa kiume wanaoanza mwaka wa kwanza, na mshindi halazimiki kujiunga. Kappa Alpha Psi ina mpango wa Guide Right wa kuwaelekeza vijana tangu 1922. Vyama vya Wamarekani weusi, vya wanaume na vya wanawake, vina matawi ya watu wazima mijini, yaani wahitimu wenye kazi zao, na mengi kati ya hayo huwapa skolashipu wanafunzi wanaomaliza sekondari. Familia ya Kikenya au ya Kikongo iliyohamia Dallas inaweza kuwa jirani na tawi kama hilo bila kujua kwamba mtoto wao anaruhusiwa kuomba.

Wanaodhani vyama hivi vyote ni vya wazungu wenye nazo hawajasikia habari za Alpha Phi Alpha, iliyoanzishwa na vijana saba weusi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906. Kabla ya kuwa chama, lilikuwa kundi la kusoma pamoja, kwa sababu chuoni pale hawakuwa na pengine pa kushikana mkono. Martin Luther King alijiunga nayo mwaka 1952 akisomea shahada ya uzamivu (PhD) Boston, na chama hicho ndicho kilichosukuma ujenzi wa mnara wake wa kumbukumbu uliozinduliwa Washington mwaka 2011. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria nao walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, fratenati nyingine ya Wamarekani weusi.

"Mafunzo ya uongozi ni kisingizio cha karamu."

Wapo wanaoyageuza hivyo, sikatai. Lakini LeaderShape, mpango ambao leo unaendeshwa katika vyuo vingi kwa wanafunzi wa kila aina, ulianzishwa na fratenati ya Alpha Tau Omega mwaka 1986. Beta Theta Pi nayo ina mafunzo yaliyopewa jina la kocha wa mpira wa kikapu John Wooden, aliyekuwa mwanachama wake.

Kwa maoni yangu, semina ni nusu tu ya shule. Mtazame mweka hazina wa tawi, kijana wa miaka 20, anayegonga mlango wa rafiki yake kumdai mchango wa muhula. Rafiki amejifanya amelala. Kesho watakula meza moja, na keshokutwa bima inatakiwa ilipwe. Hakuna cheti kinachofundisha hayo.

Je, kunalipa? Wanauchumi watatu, Mara, Davis na Schmidt, walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya wahitimu wa kiume wa chuo kimoja cha kaskazini mashariki mwa Marekani. Walikadiria kwamba kujiunga kulishusha GPA (wastani wa alama za masomo) kwa takribani 0.25 na kupandisha kipato cha baadaye kwa takribani asilimia 36. Chuo kimoja si vyote, na mimi naona hapo nguvu ya kujuana kuliko nguvu ya semina. Ila anayeshikilia skolashipu yenye masharti ya GPA aitazame vizuri ile 0.25.

"Kuteswa wakati wa kuingia ni mila, vumilia."

Ni kosa la jinai katika majimbo mengi. Sheria ya nchi nzima iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze vyama vilivyokutwa na hatia ya kuwanyanyasa wanachama wapya. Soma taarifa hiyo ya chuo cha mwanao kabla ya kusoma brosha ya chama.

Mwisho, Phi Beta Kappa. Ilianza mwaka 1776 huko Virginia kama chama cha siri, lakini leo ni jumuiya ya heshima kwa waliofaulu sana: haina nyumba, na huombi kuingia, unachaguliwa. Majina kufanana kumewapa matapeli kazi. Ikija barua pepe ya "umechaguliwa" kutoka jumuiya yenye herufi za Kigiriki na kudai malipo kwanza, iulize ofisi ya chuo kama jumuiya hiyo ina tawi hapo na mhadhiri gani analisimamia.