Gari la Tabo Likiacha Kuvuta: Fuata Hewa Kabla ya Kununua Tabo

Gari lenye tabo likikosa nguvu, mwenye gari huambiwa siku hiyohiyo kwamba tabo imekufa. Analipa, anafungiwa nyingine ya mtumba kutoka masoko ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam) au Grogan (Nairobi), na akifika kwenye mlima wa Kitonga gari linapanda kwa kujikongoja vilevile. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunakutana na wateja wa namna hii mara kwa mara, na inatuuma, maana chanzo huwa ni mpira uliopasuka au klipu iliyolegea, kitu ambacho mwenyewe angekiona nyumbani akiwa na tochi.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini. Moshi unasukuma feni ya upande mmoja, na feni ya upande wa pili inavuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta nayo yanaongezwa, ndipo gari linavuta. Unachotafuta kwanza, basi, ni hiki: hewa iliyoshindiliwa inafika kwenye silinda, au inaishia njiani?

Simu yako inaweza kukujibu. Kuna kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachomekwa kwenye soketi chini ya dashibodi na kuungana na simu kwa Bluetooth. (Baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayasomeki kwa kifaa hiki.) Kodi ya hitilafu (namba ya kosa) P0299 maana yake presha ya tabo iko chini, P0234, imezidi. Lakini usiishie kwenye kodi. Tafuta kipimo kinachoitwa MAP, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Hapo sensa inapima hewa ya nje tu: Dar es Salaam au Mombasa utaona takriban kilopaskali 100, Nairobi au Mbeya takriban 83 kwa sababu ya mwinuko. Ukiwa Mombasa ikakuonyesha 70, sensa yenyewe inadanganya, anza nayo. Kisha nenda kwenye mlima usio na msongamano, mwenzako ashike simu, wewe uangalie barabara. Ukikanyaga mafuta mpaka chini kwenye gia ya tatu, magari mengi ya petroli yenye tabo yanapaswa kuvuka 150. Namba ikigoma kupita ile ya hewa ya nje, hewa inavuja au tabo haisukumi. Ikipanda vizuri na gari bado halivuti, iache tabo kabisa: kagua filta na pampu ya mafuta, plagi, koili, au eksozi iliyoziba kwenye katalisti (kisafisha moshi).

Sasa fungua boneti injini ikiwa imepoa. Nachukua mfano wa Subaru Forester, SG5 au SH5, kwa kuwa ziko nyingi mitaani na zinafikika kirahisi: intakula, ile rejeta ndogo ya kupozea hewa, imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kaza klipu zote. Pinda kila mpira kwa vidole, maana ufa wa upande wa chini hauonekani mpaka mpira upindwe. Gari hili hupima hewa kabla haijafika kwenye tabo, hivyo ikivuja baadaye kompyuta haijui. Inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Ndiyo sababu utaona moshi mweusi, ulaji wa mafuta ukipanda, na utasikia fyuu ukikanyaga.

Usisahau mipira myembamba inayokwenda kwenye kidhibiti cha tabo. Joto huikausha mpaka ikakatika. Kwenye dizeli nyingi zinazotumia vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) kuendesha kidhibiti hicho, ukikatika mmoja tu presha inashuka. Kwenye Subaru hii mambo hugeuka: presha inazidi, kompyuta inakata mafuta, na gari linashtuka kama limegonga kitu.

Yote yakiwa salama, toa mpira wa kuingiza hewa kwenye tabo, injini ikiwa imezimwa. Shika ncha ya shafti, fimbo inayounganisha feni mbili. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, kwa kuwa shafti huelea kwenye oili. Kwenda mbele na nyuma kwa kiasi unachokisikia kwa vidole si kawaida, na mapanga ya feni yaliyolika au yanayogusa ukuta ni tabo iliyokwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira usikutishe. Hutoka kwenye mvuke wa injini.

Tabo ikiwa imekufa kweli, mwambie fundi akuonyeshe njia ya oili kabla ya kufunga nyingine. Katika Subaru nyingi za tabo za miaka hiyo, bolti ya bomba la oili ina kichungi kidogo cha waya, na oili iliyopitiliza muda hukiziba kwa masizi. Tabo mpya ikifungwa juu ya kichungi hichohicho itakosa oili huku ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Ukiona moshi wa bluu mzito pamoja na mlio wa chuma kusagana, usipime chochote. Zima injini, livutwe: vipande vya mapanga vinaweza kuingia kwenye silinda, na dizeli inaweza kujiwasha kwa oili yake yenyewe ikakataa kuzimika hata ukitoa ufunguo.