Pua ya Pinocchio na uongo wake

Wengi tunaamini kwamba pua ya Pinocchio, yule kikaragosi wa mbao, hurefuka kila anapodanganya. Sivyo hasa.

Katika filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1940, jambo hilo linatokea katika tukio moja tu: Pinocchio amefungiwa ndani ya kizimba cha ndege, anamdanganya yule mwanamke wa kichawi wa buluu (Blue Fairy), na pua inachipua hadi kuota majani na kiota cha ndege. Basi.

Kitabu cha Mwitalia Carlo Collodi, kilichotoka 1883, kina vituko zaidi. Pua inaanza kurefuka Geppetto, seremala aliyemuunda, akiwa bado anaichonga; kila akiikata, inazidi. Inarefuka tena Pinocchio, akiwa na njaa, anapogundua kwamba chungu kinachochemka ni picha tu ukutani. Uongo wake umo wapi hapo? Kuhusu sarafu za dhahabu anadanganya kweli, na pua inakua hadi anashindwa kugeuka chumbani, ikabidi vigogota wapatao elfu moja waje kuidonoa. Lakini kuna mahali pengine anasema uongo mchana kweupe, na pua inatulia tuli.