Tangawizi ukiwa unanyonyesha: chai sawa, vidonge ngoja kwanza

Juzi mama mmoja mwenye kichanga cha wiki mbili alifungua mkoba, akaniwekea kopo la vidonge mezani. “Nimeambiwa vinaongeza maziwa. Havitamdhuru mtoto?” Nikaligeuza kopo kusoma yale maandishi madogo: kila kidonge miligramu 550, viwili mara tatu kwa siku. Hiyo ni gramu 3.3 za tangawizi kavu, na chai ya tangawizi anakunywa vilevile.

Chai yenyewe hainisumbui. Tangawizi mbichi sehemu kubwa ni maji, na ukizidisha, ulimi unakukataza mapema. Unga ni habari nyingine. Maji yameshatoka, na inapokauka, sehemu ya jinjeroli, kemikali inayoipa tangawizi ukali wake, hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Ukiufungia ndani ya kidonge, ukali huo huusikii tena. Kikomo kinachotajwa mara nyingi kwa mtu mzima ni gramu 4 za tangawizi kavu kwa siku, chai na vyakula vikihesabiwa humohumo.

Kabla ya kuzungumzia mtoto nilimuuliza habari zake mwenyewe. Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Damu ya uzazi bado inatoka nyingi? Tangawizi nyingi inaweza kupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayetumia dawa hizo, kama warfarini, au aliyevuja damu sana alipojifungua, asiguse vidonge hivi kabla ya kuonana na daktari wake. Mwenye mawe kwenye nyongo naye aulize kwanza. Kiungulia utakisikia mwenyewe.

Sasa maziwa. Mwaka 2016 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la miligramu 500 za tangawizi kavu mara mbili kwa siku. Siku ya 3 baada ya kujifungua, waliotumia walikuwa na maziwa mengi kuliko wenzao. Siku ya 7 wakawa sawa. Huyu wangu yuko wiki ya pili! Kwa wakati huo maziwa huongezwa na titi kunyonywa mpaka lilainike, mchana na usiku.

Nikamwomba amnyonyeshe nione. Mtoto alikuwa ameshika chuchu tupu, midomo imebana. Tukamtoa, tukamrudisha akiwa ameachama vizuri, kidevu kimegusa titi, na baada ya muda tukaanza kumsikia akimeza. Kopo likarudi mkobani. Chai nikamwambia aendelee nayo, ila mtoto asionjeshwe hata tone kabla ya miezi 6.